Mpimaji wa Vitenge wa Ndosho

Ukiwa Ndosho na una shaka kama kitenge chako ni cha asili au cha kuigwa, unampelekea mpimaji, naye kwa huruma yake anakiweka juu ya rundo. Rundo hilo limeshafunika dirisha. Kila asubuhi anafuta lenzi kwa ncha ya tai yake, anachagua kitenge kimoja, anakinusa, anavuta uzi kwa ukucha mrefu wa kidole gumba, kisha anatangaza kwamba macho yamechoka. Kitenge kikibahatika kumalizika kupimwa, anakipa alama kati ya kumi na kukifunga kwenye plastiki, kisije kikavaliwa.

Katungu, mwalimu wa mtaa wa Mapendo, alimletea chake mwezi wa tatu ili akivae kwenye arusi ya mdogo wake. Arusi ilipita mwezi wa sita. Alivaa cha kuazima. Mwezi wa nane aliwapita wanawake waliokaa foleni, akauliza, "Papa, kikwembe yangu iko wapi?"

"Vumilia, mama. Bikwembe biko bingi, na macho yangu iko mbili tu."

Katungu akazunguka meza, akapekua rundo mwenyewe. Chake kilikuwa ndani ya plastiki iliyoandikwa: alama tisa, tarehe ya mwezi wa nne.

Mpimaji aliinamisha kichwa. "Ni muzuri sana," alisema polepole. "Nilikuwa napenda kuiangalia bado kidogo."

Katungu akapasua plastiki, akajifunga kitenge palepale juu ya sketi.

"Sasa haina tena alama, mama."

"Iko na mwenyewe."

Mpimaji alimsindikiza kwa macho, bila lenzi, mpaka mlangoni. Nyuma ya mpimaji wanawake wa foleni walikuwa wameshainuka kulifuata rundo, kila mmoja akitafuta chake.