Habari Nzuri za Wake wa Askari

Ifakara watu tumezoea kutafitiwa. Kabla sijaolewa huko sikujua kama kuna mji ambao mtoto mdogo akiona mtu mwenye kalamu na mkoba anaingia uani, ananyoosha kidole mwenyewe kitobolewe damu. Walikuwa wakija watu wa malaria, watu wa vyandarua, watu wa visima, na kila aliyekuja alipewa kiti akaulizwa kama amekula. Kwa hiyo katikati ya miaka ya tisini, walipokuja watu wa kutupima sisi wake wa askari, hakuna aliyeshangaa. Mama mkwe wangu alifuta kiti kwa kitenge chake akasema, "Karibuni. Leo mnatoboa nani?"

Hawakutaka damu. Walitaka kujua kama tunaendelea vizuri.

Mume wangu alikuwa mwanajeshi. Binti yetu alipoanza kutambaa, yeye alihamishiwa kikosi cha mpakani, mbali kiasi kwamba likizo zake tulizisikia tu zikiahirishwa. Mimi kwetu ni Sanje, chini ya milima, na nilitegemea angenirudisha kwa mama yangu mpaka mambo yatulie. Badala yake alinikabidhi kwa mama yake, Mlabani, pamoja na mtoto, sanduku na godoro. Sikupendezwa. Nina hasira za karibu, na mama yangu alizoea kusema kwamba mimi nikichemka sihitaji kuni. Lakini niliolewa nikiwa mdogo, mahari ilikuwa imekamilika, na mtoto alikuwa wa ukoo wao, basi nikajikunyata.

Hapo ndipo shirika moja likaleta mradi wa kusaidia familia za askari. Mratibu wake alikuwa mwanamume mpole, mwenye miwani na shati lililopigwa pasi hadi mikunjo yake inaweza kukukata. Kwenye mkutano wa kwanza alitueleza kwamba mradi huu haukubuniwa hivihivi, umethibitishwa kwa utafiti. Nchi nyingine walishajaribu, wakaona mke wa askari anayeishi na ndugu wa mume hadhoofiki, watoto wake hawakosi shule, na ndoa yake haivunjiki. Kwa hiyo sabuni, unga wa uji wa watoto, mafunzo ya cherehani na mtu wa kutufuatilia matibabu vilikuwa vya wale wanaokaa kwa wakwe. Ukihama, jina linafutwa, na kikosini kwa mumeo inapelekwa taarifa kwamba familia imetawanyika.

Sikuwa na neno na utafiti wao. Inawezekana kabisa huko walikojaribu wakwe wana vyumba vya ziada. Sisi tulilala chumba kimoja, mama mkwe, mimi na mtoto, na kitanda chake kilikuwa karibu na mlango.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Yangu ilikuwa ndefu kiasi cha kufika kisimani na sokoni. Nikichelewa kisimani aliniuliza nilikutana na nani. Nikikaa kimya aliniuliza nawaza nini. Msimu wa kuamia ndege tulivuka mto pale Kivukoni kwenda shambani, tukakaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti cha kulindia mpunga, na huko nako alikaa upande wa ngazi. Hakunipiga wala hakuninyima chakula. Nyama akipika alinipa finyango sawa na yake. Alinilinda tu, asubuhi hadi jioni, na mimi hasira zangu nikazimalizia kwenye nguo nilizofua. Nguo za nyumba ile zilichakaa haraka.

Basi alipokuja dada wa tathmini kutoka Dar es Salaam, msichana mwenye umri kama wangu, tulimketisha uani na mama mkwe akaketi kati yetu. Dada yule alisalimia vizuri, shikamoo yake haikuwa na haraka. Kisha akafungua makaratasi.

"Habari za maisha tangu mradi uanze?"

"Nzuri."

Akaandika.

"Na hali ya hapa nyumbani?"

"Nzuri."

Akaandika tena, akafunua ukurasa.

Hapa lazima nieleze, ingawa kila aliyezaliwa na Waswahili anajua. Kwetu habari hujibiwa nzuri kwanza. Hata kama kuna maiti ndani, mgeni akiuliza habari za hapa utamwambia nzuri, umpe kiti, avute pumzi, halafu ndipo useme: ila tuna msiba. Nzuri ni kizingiti tu, nyumba yenyewe iko ndani ya ila. Dada yule aliyajua haya kama mimi, mama yake alimlea hivyo hivyo. Lakini alikuwa na maswali mengi na gari lilikuwa linamsubiri, na kila nilipovuta pumzi nianze ila yangu, yeye alikuwa ameshaingia swali lingine. Alipomaliza alipanda gari palepale mlangoni. Hata kumsindikiza hatukumsindikiza, na kila mtu anajua kwamba maneno ya kweli mgeni huambiwa njiani.

Baada ya mavuno tuliitwa mkutanoni, wake na wakwe, tukasomewa matokeo. Wake wote wa askari, bila kubakiza, wameridhika kuishi na wakwe zao. Mradi unafanya kazi na utaendelea. Mratibu alipiga makofi, nasi tukapiga. Mwenzangu mmoja, Msukuma ambaye mumewe alikuwa kikosi kimoja na wangu, aliniinamia akaninong'oneza, "Kumbe tuna raha namna hii, mbona hatukuambiana?" Nilicheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea yenyewe.

Mwezi uliofuata kondakta wa basi linalopita Sanje aliniletea salamu: mama yako amepata kiharusi.

Mama mkwe alinipa ruhusa ya kwenda kumwona na kurudi. Mtoto akabaki naye, hatukubishana kwa nini. Nilimkuta mama amelala chumba cha mbele, upande wa kulia umepooza, mdomo umekwenda kando. Ndugu wa kumtunza hakuwepo, mimi ndiye mtoto wake pekee. Jirani alikuwa akimgeuza asubuhi kabla ya kwenda kuuza ndizi zake barabarani, na kumgeuza tena akirudi. Mama bado aliweza kusema, kwa shida, maneno yakitoka yamelegea. Akaniuliza, "Habari za Ifakara?" Nikasema nzuri. Akanishika mkono kwa ule wake mzima, akangoja. Mama yangu siku zote alijua kungoja. Lakini mimi nilikuwa natazama jua, basi la kurudi lilikuwa karibu, na ningemwambia nini mtu aliyelala vile? Nikamwambia nitarudi kumuuguza.

Nikaanza kutafuta ruhusa. Mama mkwe alisema, "Ruhusa si yangu, mwanangu. Mwenye mke ni mumeo." Nikamtuma askari mmoja aliyekuwa anarudi kikosini, na jibu likaja kwa mdomo wa askari mwingine: mume wangu anasema msikilize mama, yeye ndiye mwenye nyumba. Nikamwendea mratibu. Alinisikiliza vizuri kabisa, akavua miwani, akaifuta. Akasema ananihurumia sana, lakini utaratibu ni utaratibu, na matokeo yameonyesha unafaa.

"Matokeo hayo ni mimi," nikamwambia. "Ni mimi niliyesema nzuri."

"Ndiyo, dada," akasema. "Na tunashukuru."

Niliwahi kufikiri kufungwa ni kuwekewa kufuli. Sasa nilikuwa nazunguka kwa watu watatu, kila mmoja mpole, kila mmoja akininyooshea kidole kwa mwenzake, na mama yangu yuko Sanje anasubiri jirani arudi kutoka barabarani amgeuze.

Masika yaliyofuata dada wa tathmini alirudi. Safari hii gari lilikwama kwenye tope mbali na kwetu, akaja kwa miguu, buti mkononi, miguu imetapakaa udongo mweusi. Mgeni wa miguu lazima asindikizwe. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nikajisemea, na nikajiapiza kwamba leo ila yangu itatoka hata kama mama mkwe ataniziba mdomo.

Akaketi. Mama mkwe akaketi kati yetu kama kawaida.

"Habari za maisha, dada?"

"Nzuri," nikasema, maana huwezi kuiruka. Nikavuta pumzi. "Ila..."

"Kaangalie wali jikoni," mama mkwe akanikata. "Unaungua."

Wali haukuwa umeungua. Nilifika jikoni nikaukuta umetulia kwenye makaa yake, mweupe, umepikika sawasawa. Niliutazama nikatamani niupige teke. Niliporudi uani dada alikuwa amesimama, mkoba begani.

"Nitamsindikiza mgeni," nikasema upesi.

"Wewe kaa na mtoto," mama mkwe akasema. "Mgeni wangu namsindikiza mwenyewe."

Miguu ilikuwa inamuuma mama mkwe siku zile na hakuwa akifika hata dukani. Nikawaona wanakwenda polepole kwenye tope, mama mkwe ameshika mkono wa yule dada. Walifika njia panda wakasimama. Walisimama muda mrefu. Mama mkwe alikuwa akisema, akinyoosha mkono kuelekea nyumbani, na dada akatoa makaratasi akaandika huku ameyafunika na mwavuli. Nikajua nazikwa mzimamzima. Jioni ile sikula, na mama mkwe hakuniuliza nawaza nini. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Matokeo yalichukua muda wake. Mvua zikaisha, mto ukashuka, tukaamia ndege, tukavuna. Salamu za Sanje zikawa zinakuja fupi zaidi. Nilikuwa nimeacha kuomba. Nilifua, nikatwanga, nikaitikia nilipoitwa, na siwezi kusema vizuri jinsi nilivyomchukia yule mama aliyekuwa akinipa finyango sawa na yake.

Tulipoitwa tena mkutanoni, mratibu hakupiga makofi. Alisoma kwamba nyumba zote zimeridhika, isipokuwa moja. Vichwa vyote vikageuka kwangu. Mratibu akasema nyumba hiyo imefanya wakubwa wa mradi waagize utaratibu ule wa makazi uangaliwe upya, na kwamba yeye binafsi amesikitika, kwa sababu kama kuna mtu ana tatizo angekuja kwake kwanza. "Hatutaji," akasema. "Mwenyewe anajijua."

Nilikuwa nafungua mdomo nimkumbushe kwamba nilikwenda kwake kwanza. Mama mkwe akasimama.

"Ni mimi," akasema.

Aliegemea bega langu ili miguu imbebe. "Mliniletea mtoto wa watu mkaniambia nimshike, akiondoka, mwanangu ataambiwa nyumba yake imevunjika. Nikaogopa, nikamshika. Mama yake amepooza Sanje, hana wa kumgeuza. Kila akiitazama barabara mimi naona, chakula hakinishuki. Siku ile alitaka kusema mwenyewe, nikamtuma jikoni. Angesema yeye, mngeandika mke amekimbia. Nimesema mimi mwenye nyumba: nimemtuma kwa mama yake, na mtoto anakwenda naye. Hapo kuna nyumba gani iliyovunjika?"

Mratibu akavua miwani.

"Na mimi hamkuniuliza," mama mkwe akamalizia. "Mwaka mzima mnamwuliza yeye anajisikiaje kulindwa. Mimi ninayelinda hamkuniuliza hata mara moja." Kisha akaketi, akajifunga kitenge chake vizuri, kama mtu aliyerudi kutoka kuchota maji.

Sikuweza kumshukuru. Njia nzima ya kurudi Mlabani nilimshika mkono tu, nami nikiwa na hasira bado, maana chuki haizimiki kwa mara moja. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku ileile ya njia panda. Akasema angeniambia ningefurahi, na mimi nikifurahi sifichi, wangejua tumepanga.

Asubuhi nilipanda basi na mtoto, na mzigo wa salamu wa mama mkwe ulikuwa mchele wa kutosha nyumba nzima.

Nilichelewa. Mama alikuwa hai, lakini kati ya njia panda ile na mkutano ule kiharusi kilikuwa kimerudi mara ya pili, na hakuna mtu Sanje aliyetaka kunitumia salamu hizo kwa mdomo wa kondakta. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Jicho moja ndilo lililonigeukia nilipoingia. Nikamweka mtoto kitandani kando yake, nikakaa chini, nikashika ule mkono mzima. Nikasubiri aniulize habari za Ifakara, kwa mazoea tu, mpaka nikakumbuka kwamba hataniuliza tena.

"Nzuri, mama," nikasema.

Jicho halikuondoka usoni pangu. Mkono wake ukakaza kidogo juu ya wangu, na akangoja.

"Ila," nikaanza.