Matanga ya Kaiser

Andongwisye hakufanywa jumbe kwa sababu ya ukoo wala ng'ombe. Siku askari wa boma walipofika karibu na mlango wa mto Songwe kutafuta mtu wa kumpa kazi hiyo, wanaume wenzake wote walikuwa wameshatokomea migombani. Yeye alikuwa na mwiba mguuni. Walimkuta ameketi nje ya nyumba yake anauchokoa, na hivyo ndivyo serikali ya Wadachi ilivyompata mtu wake.

Kazi yenyewe ilikuwa kukusanya. Alikusanya kodi, akakusanya wapagazi, na kila ilipofika tarehe ishirini na saba ya Januari alikusanya furaha. Siku hiyo Kaiser, mfalme wa Wadachi, alikuwa amezaliwa huko kwao, na boma lilitaka watu wa bondeni wapige ngoma na kucheza mpaka jua lizame. Sasa Januari ya Kyela ni mvua juu ya mvua. Mtu aliyeshinda na maji ya mpunga magotini hana mguu wa kumchezea mfalme asiyemjua. Kila mwaka Andongwisye aliambulia watu wachache, wengi wao shemeji zake, wakasimama kwenye matope wakirusha miguu kama waliokanyaga siafu, kisha wakauliza nyama iko wapi.

Mwaka mmoja akaja Lameck, mkalimani wa boma. Huyu alikuwa amesoma misheni na alikuwa na kofia ambayo hakuivua hata kwenye mlo.

"Ugonile, Jumbe," alisalimu. "Nimekusemea vizuri kwa Bwana Luteni. Mwaka huu anakuja kusherehekea hapa kwako."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba watu wako wanampenda Kaiser hata usingizi hawapati."

"Lameck, watu wangu hawamjui Kaiser. Wanakujua wewe, na wewe hawakupendi."

"Basi fanya wampende kufikia kesho kutwa," alisema Lameck, akarekebisha kofia, akaondoka.

Andongwisye hakuwa na nafasi ya kuhangaika na Kaiser. Mama yake, Marita, alikuwa hoi kitandani tangu mvua zianze. Marita alikuwa mzaliwa wa Ikombe, kando ya ziwa, mfinyanzi wa vyungu, na kaka zake walikuwa wamekuja kwa mtumbwi kumwuguza. Mke wa Andongwisye, Rut, naye alikuwa karibu kujifungua.

Alfajiri ya tarehe ishirini na saba, Marita akafa. Kilio kilipoanza tu katika nyumba yake, katika nyumba ya pili kikasikika kilio kingine, chembamba. Rut alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Andongwisye alisimama uwanjani kati ya milango miwili, mvua ikimnyeshea, asijue aingie wapi kwanza. Mwishowe akaingia kwa mama yake, akakaa, akamshika mkono. Machozi hayakuja. Alijiambia yatakuja watakapomzika.

Habari za msiba hazihitaji jumbe wa kuzisambaza. Kufikia adhuhuri bonde zima lilikuwa pale. Wanaume walikuja na mikuki na ngoma, wakacheza kwa kishindo kama ilivyo desturi ya mazishi ya huko, ardhi ikitikisika. Wanawake walijifunga majani ya migomba viunoni, wakajipaka udongo usoni, wakawa wanaomboleza, "Umetuacha na nani, mama? Nani atatulinda?" Kaka za marehemu walichimba kaburi kando ya nyumba.

Ndipo Bwana Luteni akatokea, juu ya nyumbu, nyuma yake askari na Lameck.

Luteni alivuta hatamu, akabaki ameduwaa. Miaka yote alikuwa ameona watu wakisherehekea kwa miayo. Hapa palikuwa na umati, jasho na machozi. Alimgeukia Lameck akauliza haya yote ni nini.

Lameck alikuwa amekwisha elewa ni nini, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Lakini aliyakumbuka maneno aliyoyatoa bomani kwa kinywa chake mwenyewe.

"Wanamshangilia Kaiser, Bwana Mkubwa."

"Mbona wanawake wanalia?"

"Furaha imewazidi, Bwana."

"Wanasema nini?"

"Wanasema, Kaiser, usituache. Nani mwingine atatulinda?"

Luteni alimeza mate, akajifuta jicho kwa glovu. Kisha akaona kaburi. "Na shimo lile?"

"La mlingoti wa bendera, Bwana."

"Mbona refu vile?"

"Hawataki bendera ianguke, Bwana. Milele."

Luteni alitaka kumwona jumbe. Andongwisye aliitwa kutoka ndani, alikokuwa ameketi na maiti ya mama yake, uso umejaa udongo. Lameck alimkimbilia akamnong'oneza sikioni, "Tabasamu, Jumbe. Nakuomba. Usipotabasamu tumekwisha sote wawili. Nitakueleza baadaye."

Andongwisye hakuelewa, ila aliona askari na bunduki zao, akaona watoto wake wamesimama mbele ya bunduki hizo. Akatabasamu. Luteni alimpa mkono, akamzawadia ng'ombe wawili ambao boma lilikuwa limewachukua kutoka kijiji cha jirani wiki ile ile. Aliposikia mtoto mchanga akilia, akauliza amezaliwa lini. Kuambiwa ni leo, akaamuru apewe jina la Kaiser. Lameck akamwarifu kwa adabu kuwa mtoto ni wa kike. Luteni akafikiri kidogo, akasema basi ni Vilhelmina, ndilo jina la Kaiser likifanywa la kike. Mwishowe akawapanga askari, wakapiga bunduki hewani mara tatu, akapanda nyumbu wake akaenda zake akiwa mtu mwenye furaha.

Marita alizikwa jioni. Kaka zake walirudi Ikombe wakijigamba kwamba hata malafyale, wafalme wao, hawajawahi kuzikwa kwa bunduki. Watu walikula nyama ya serikali wakashiba. Andongwisye peke yake ndiye ambaye hakulia. Lile tabasamu lilikuwa kama limekauka usoni pamoja na udongo.

Mwaka uliofuata amri ya boma ilikuwa fupi: iwe kama mwaka jana.

"Lakini hakuna aliyekufa," Andongwisye alimwambia mkewe.

Rut alikuwa ananyonyesha. "Mama yako si amekufa bado?"

"Amekufa."

"Basi walie tena. Ng'ombe wanatoka bomani, wewe unapungukiwa nini?"

Ikawa hivyo. Kila Januari bonde lilimlilia Marita upya, na kila Januari boma likachinja. Wanawake ambao hawakupata kumwona Marita walijibwaga matopeni kwa jina lake. Luteni alianza kuwaleta majumbe wa vijiji vingine waje wajifunze jinsi ya kumpenda mfalme. Andongwisye alivishwa koti lenye vifungo vya shaba, akasimama mbele, na ngoma ilipopigwa alitoa kilio kirefu kilichosifiwa mpaka milimani. Ndani ya kilio hicho hamkuwa na kitu. Usiku alilala akimkumbuka Luteni, na Kaiser, na mlingoti. Sura ya mama yake ilikuwa inamtoka.

Mwaka 1916 Waingereza wakavuka Songwe na Wadachi wakakimbilia milimani. Januari ilipofika hakukuwa na amri wala ng'ombe, lakini watu walikuwa wamekwisha zoea. Wakaja wenyewe na ngoma zao, wakaanza. Kabla jua halijafika utosini Andongwisye alikuwa amekamatwa kwa kosa la kusherehekea siku ya kuzaliwa ya adui.

Alifikishwa mbele ya kapteni wa Kiingereza chini ya hema. Pembeni, akiwa na kofia ile ile na beji mpya, alisimama Lameck.

"Bwana Kapteni anauliza kwa nini unamshangilia Kaiser," alisema Lameck, akitazama pembeni.

"Mwambie ni matanga ya mama yangu."

"Lakini Wadachi waliambiwa ni sherehe ya Kaiser."

"Waliambiwa na nani, Lameck?"

Lameck alikohoa. Akamgeukia kapteni akaeleza kwa Kiingereza alichookota misheni, maneno mengi, mikono ikiruka. Uso wa kapteni ukafunguka. Akacheka, akampigapiga Andongwisye begani.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia mnalia kwa huzuni, kwa sababu Kaiser alizaliwa. Amefurahi sana. Anataka muwe mnalia kila mwaka, na ataleta ng'ombe."

Andongwisye alimtazama Lameck, akamtazama kapteni, ambaye bado alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha. Alijua Kiswahili cha kutosha, na kapteni naye alikuwa amejifunza kidogo cha kambini. Akampita Lameck, akasimama mbele ya meza.

"Bwana," alisema, "mama yangu amekufa."

Kapteni aliacha kucheka. "Pole. Lini?"

"Leo," alisema Andongwisye.

Hapo ndipo machozi yalipokuja. Hayakuwa kama kile kilio cha mbele ya ngoma. Alilia ameinama, kamasi zinamtoka, bila sauti, akishikilia ukingo wa meza ya serikali. Lameck alifungua mdomo atafsiri, akaufunga. Kisha akavua kofia. Kapteni alitazama kando, akaashiria kwa mkono mfungwa aachiliwe.

Rut alikuwa anamngoja njiani na binti yao, ambaye wote walimwita Mina. Walitembea kwenye mvua. Kufika nyumbani Andongwisye aliwaambia watu waende makwao. Wengine walinung'unika, maana walikuwa wametoka mbali, lakini wakaenda. Akachukua jembe, akaanza kung'oa magugu kaburini. Mina akaja kumsaidia.

"Baba, bibi alikuwa mtu wa namna gani?"

Andongwisye aling'oa magugu mengine mawili akiitafuta sura yake.

"Mkali," alisema. "Chungu chako kikipasuka alikuwa anakicheka siku nzima. Chake kikipasuka, hakuna aliyekula."