Tuta la Susu Muthoki

Taifa lifahamu kwamba Ijumaa hii, saa tatu u nusu asubuhi, hatima ya mapumziko ya kila siku katika shule za umma inaamuliwa hapa katika milima ya Mbooni. Walimu wakae mkao wa kusikiliza. Wazazi pia.

Tuseme ukweli kidogo. Inaamuliwa katika shule moja ya msingi, ambayo mwalimu wake mkuu ameomba tusiitaje. Shule hiyo ina mpira mmoja, na mpira wenyewe umeshonwa mara mbili.

Kengele inalia. Watoto wanamwagika madarasani kama kumbikumbi baada ya mvua. Muthoki Ndululu, 58, tayari amesimama upande wa chini wa uwanja, jembe begani, macho kwenye mpira.

"Wewe wa sweta imeraruka, piga pole pole. Hapa si Malili kwenye tambarare," anasema.

"Susu, nikipiga pole pole wananinyang'anya."

"Wacha wakunyang'anye. Utaenda kuomba."

Muthoki ndiye mtunza uwanja, kazi inayomlipa shilingi elfu nane kwa mwezi. Shule nzima humwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba.

Uwanja anaoutunza ni mteremko. Timu moja hucheza ikipanda, nyingine ikishuka, na mshindi hujulikana kabla mchezo haujaanza. Mpira ukipita goli la chini hausimami mpaka mtoni, na hakuna mtoto wa Mbooni atakayekubali mpira uende peke yake. Wote huufuata. Hurudi somo la tatu likiisha, soksi zimejaa mbegu za nyasi.

Muhula uliopita mwalimu mkuu, Bwana Mbaluka, alichoka. Akafuta mapumziko, akaweka hesabu.

"Sikuwa na ubaya," anajitetea. "Gredi ya sita wana mtihani. Mimi nimeajiriwa kufundisha watoto, sikuajiriwa kungoja mpira upande mlima."

Muthoki aliyaona matokeo kupitia madirisha akifagia. Watoto wa gredi ya kwanza walilala juu ya madawati. Waliokuwa macho waliomba ruhusa ya kwenda msalani, kumi kumi, na choo kikawa na foleni kama siku ya kura. Hakuna aliyekuwa na haja. Walitaka tu kukimbia mpaka huko.

Akamkumbuka mwanawe, Musyimi, aliyeacha shule darasa la sita na sasa anaendesha boda boda Malili.

"Aliniambia, mama, shule ni kukaa tu. Nikamchapa," anasema. "Sasa nikachungulia nikaona darasa yote ni Musyimi."

Akaenda ofisini. "Nilimwambia, Mwalimu, mtoto si gunia ya maharagwe uweke hapo ikae."

Bwana Mbaluka hakupenda kufananishwa na mwenye ghala, lakini akampa nafasi. Muthoki auzuie mpira kwa njia anayoijua. Ukikaa juu wiki nzima, mapumziko yatakuwa sheria ya shule kila siku, mtihani uwepo usiwepo. Ukishuka bondeni, ni hesabu.

Hapo Muthoki akafanya kosa ambalo huenda ni Mkamba pekee angelifanya. Alichimba mtaro kama wa shambani kwake, wa kukinga maji. Ukayakinga kweli. Mvua iliponyesha, mpira ukatumbukia humo, gredi ya tatu ikaufuata, na darasani wakarudi na tope hadi masikioni.

"Sisi tukiona mteremko tunafikiria maji kwanza," anasema akicheka. "Nilisahau ni mpira nashika."

Akaufukia mtaro. Kisha akaita mwethya, wanawake wenzake wa kanisani wanaolimiana mashamba kwa zamu. Wakachimba upya, safari hii udongo wote ukitupwa upande wa juu, mpaka likasimama tuta linalofika kiunoni. Bwana Mbaluka akakubali wiki ianze tena.

Leo ndiyo siku ya mwisho. Wiki nzima mpira umegonga tuta na kurudi, na Muthoki anakiri kwamba hajala asubuhi.

Kengele ya kurudi darasani inakaribia kulia. Mpira unaruka juu ya tuta.

Unapita maharagwe ya jirani, unapita ng'ombe wake, unapotea. Kwa mara ya kwanza katika historia ya shule hiyo, hakuna mtoto anayeufuata. Wote wanageukia mlango wa ofisi.

Bwana Mbaluka anatoka ofisini. "Nani?"

"Ni mimi, Mwalimu," anasema Muthoki. "Nilikuwa nawaonyesha."

Mwalimu anatazama gambuti za Muthoki. Zote mbili ziko miguuni. Kisha anamgeukia mwandishi wa makala haya, ambaye gazeti lilimtuma kutazama tu.

"Na wewe wa gazeti. Kiatu ingine iko wapi?"

Kiko bondeni. Kiliufuata mpira. Mwandishi anakiri, mbele ya shule nzima na akiwa na soksi moja kwenye nyasi, kwamba ni yeye aliyepiga. Kwamba mpira ulimjia ukidunda vizuri. Kwamba hakuna aliyemlazimisha.

Bwana Mbaluka anafikiria. "Mgeni hakuwa kwa mapatano yetu," anasema hatimaye. "Jumatatu watacheza. Na Jumanne." Anarudi ofisini haraka, kabla hajacheka.

Muthoki anamnyooshea mwandishi kidole, kisha anakishusha kuelekea bondeni.

"Shuka ulete mpira, kijana. Ukipanda nitakuonyesha mahali tutapanda nyasi ya nepia juu ya hii tuta, mvua ikikuja. Mimi nilikuwa nimepimia watoto. Sikujua kuna watu wakubwa kama wewe."