Kuamia Ndege Kabla ya Matanga Kuanuliwa

Binti yangu alikufa mpunga wake ukianza kutoa masuke. Alilala na kichwa kinamuuma, hakuamka. Ameniachia binti mdogo ambaye hata shule hajaanza. Tulimzika hapa Usevya, karibu na baba yake.

Kwetu mfiwa haendi shambani mpaka matanga yaanuliwe. Nikakaa mkekani kama wengine. Katekista akasema Mungu ana makusudi yake. Nikamwacha aseme. Mimi nilikuwa nawasikia kwelea kwelea wakipita juu ya paa kama mvua, wanaelekea bondeni kwenye mpunga wa marehemu. Chakula cha yule mtoto cha mwaka mzima kiko kule.

Nikanyanyuka, nikachukua debe bovu na fimbo. Dada wa marehemu mume wangu akanishika kanga mlangoni.

"Wifi, unakwenda wapi?"

"Kuamia ndege."

"Matanga hayajaanuliwa! Mama mzazi unakwenda shamba kama huna uchungu?"

"Sijashika jembe. Nimeshika debe."

"Watu watasema umechanganyikiwa."

"Basi nenda kawaambie ndege nao wakae matanga. Wakikubali, narudi."

Mwanamke mmoja pale jikoni akacheka, akajiziba mdomo.

Shambani ndege walikuwa wameinamisha masuke kwa wingi wao. Nikapiga debe, nikapiga kelele. Nyumbani nilikuwa sijatoa chozi, na nilijua wanasema moyo wangu jiwe. Kule sauti ilitoka mpaka koo likakauka. Nikiwafukuza huku wanatua kule, kwenye mistari iliyopinda, aliyoipanda binti yangu akikimbizana na mvua.

Jua lilipokuwa kali wifi akaja na uji. Hakunisalimia. Akautua chini, akaokota bonge la udongo, akawarushia ndege.

"Upande wako wanatua," akasema. "Huoni?"

Tukashinda sote kule, na kesho yake tena.

Ndege walikula karibu nusu. Iliyobaki tulivuna, tukakoboa kidogo, nikapika wali. Makusudi aliyosema katekista sijayaona mpaka leo, wala sidanganyi mtu kwamba nimepoa. Nilichonacho ni shamba lake na huyu mtoto.

Mtoto akatazama sahani.

"Bibi, huu ni wa mama?"

"Wa mama yako. Kula, na usimwage."