Mteremko Nilioujenga kwa Ajili Yangu

Nakumbuka asubuhi tulipozindua mteremko wa saruji mbele ya ofisi ya komini, yaani serikali ya mtaa wetu wa Tshopo. Wakati huo sikuwa mbunge wa jimbo, mwanangu. Nilikuwa muuza saruji na mabati, mguu mmoja umekauka kwa polio, na chama chetu cha watu wenye ulemavu kilikuwa kimenichagua kuwa rais wake. Zamani ngazi zile tulizipanda kwa kutambaa. Saruji niliitoa dukani kwangu, na siku hiyo nilikusudia kutangaza kwamba nitagombea ubunge.

Nilipomaliza hotuba, Mama Odette akanisogelea, mtoto mgongoni. Alikuwa mshona nguo wa sokoni, kiziwi tangu utotoni. Akanipa daftari lake.

"Papa Président, iko muzuri," alikuwa ameandika. "Lakini ndani banaita majina na kinywa. Nilikuya mara tatu, nikarudi vile vile. Mutoto hajaandikwa."

Sikutaka doa kwenye sherehe yangu. Nikaandika chini yake: "Bon, tutaongea wiki ijayo." Akasoma, akanitazama kidogo, akaenda zake.

Lakini maneno yake hayakuniacha. Mimi nilijiona najua ulemavu wote kwa kuwa ninao mwilini, kumbe sikuwahi kujiuliza kiziwi anajuaje kwamba zamu yake imefika. Nilitaka kujua. Wiki iliyofuata nikaketi naye kwenye benchi la ofisi. Mama Odette alikazia macho midomo ya karani, ila karani alikuwa ameinamia karatasi zake. Akaita jina la Mama Odette mara mbili, kisha akaita la mwingine. Nikainua mkono kumwonyesha kwamba yupo.

"Papa, muda ya kuandikisha huyu mutoto iliisha juzi," karani akasema. "Sasa ni tribunal, donc mutazunguka."

Juzi, mwanangu. Wiki yangu moja ndiyo iliyomponza. Nilipomwandikia kumwomba radhi, alijibu kwa mstari mmoja: "Sasa umeona. Uliza na bengine."

Nilimsindikiza mahakamani miezi kadhaa mpaka cheti cha kuzaliwa cha mtoto kikapatikana, na karani akakubali kuwapa watu namba na kuinua kipande cha katoni chenye namba ya anayefuata. Nikaanza kuuliza. Asiyeona aliniambia lake, mwenye magongo lake, na mengi sikuwa nimeyawaza. Uchaguzi ule nilishindwa. Nilipoingia bungeni baadaye, wenzangu walinicheka kwa wingi wa maswali. Niliwaacha wacheke.

Sasa nasikia nawe unataka kiti. Maumivu yako yasikufanye udhani unayajua ya mwenzako. Anayekuletea neno siku unayopigiwa makofi, msikilize siku hiyo hiyo. Na uliza, hata pale unapoamini jibu unalo.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde katika kazi hiyo, na akuzungushie watu wasioogopa kukusahihisha.