Darasa la Bodil, Mezani kwa Kathrine

Bodil Thaysen hapendi kuitwa msanii. Ukimwita hivyo anakutazama juu ya miwani na kukuuliza kama umelewa. Yeye ni binti wa mchinja nguruwe wa Løgumkloster. Ujanani alikwenda Copenhagen, akahariri filamu za televisheni mpaka mgongo ukagoma, kisha akarudi kumuuguza mama yake. Mama akazikwa, Bodil akabaki. Shule yetu ya bweni hapa Tønder, ile wanakokuja vijana wasiojua bado wanataka nini maishani, ilikuwa inatafuta mtu wa kufundisha filamu za makala. Bodil alidhani angekaa kipupwe kimoja tu. Hadi leo yupo.

Anafundisha nini? Watu hudhani ni kamera. Wapi! Kamera huifundisha harakaharaka, kama mtu anayemwelekeza mgeni chooni. Kazi iliyobaki yote ni watu. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," huwaambia vijana, "na nyie mmekuja na migongo ya chuma." Ana sharti moja lisilojadiliwa: mtu uliyempiga filamu ndiye wa kwanza kuiona, nyumbani kwake, kabla ya macho mengine yoyote. Akisema hiki toa, kinatoka, hata kiwe almasi. Wapo waliolia kwa sharti hilo. Mmoja alifungasha akaondoka.

Mwaka huu alimpata Asger Winding, kijana wa Copenhagen, mrefu, mwembamba, ulimi wake hauna breki. Chuo cha filamu kilikuwa kimemkataa mara mbili. Safari hii wakimkataa tena, baba yake alishasema, ni karakana ya magari, basi. Kwa hiyo filamu atakayoitengeneza kwa Bodil ndiyo ilikuwa mlango wake wa mwisho, na alijua, maana usiku alikuwa hapati usingizi.

Akamchagua Kathrine Bossen, mjane wa kule Højer, ambaye kondoo wake hulisha kwenye tuta kubwa linalozuia bahari. Mumewe, Andreas, alifariki majira ya mapukutiko, na Kathrine asingeweza kuwatunza peke yake. Lori lilikuwa linakuja kuwachukua. Asger alitaka kupiga filamu ya majuma ya mwisho ya Kathrine na kondoo wale. Wazo zuri, Bodil mwenyewe alikubali.

Siku ya kwanza tu, simu ikalia ofisini kwa Bodil.

"Bodil, huyo mtoto wako ana mama?" Alikuwa Kathrine, na sauti ilikuwa ya kuchoma.

"Anaye. Kafanya nini?"

"Kainuka kwenye andazi!"

Bodil akafumba macho. Lo, salale! Kwetu huku mwenyeji akikuandalia meza ya kahawa, unakaa. Unaanza na andazi la siagi, unapanda kwenye keki za krimu, ile ya mkate mweusi wa nafaka ya rai haikwepeki, unamalizia na biskuti kavu, na kila sahani unaonja. Mwenyeji ameoka tangu juzi. Kumbe Asger alimega andazi, akatazama dirishani, akasema mwanga unapotea, akaenda kusimamisha kamera uani. Kathrine akafunika keki zake zote kwa kitambaa, akamfungulia mlango wa kutokea.

"Kesho nakwenda kuomba radhi," Asger alisema aliporudi, uso umemshuka. "Twende wote, Bodil. Wewe unamjua."

"Mimi sikuinuka kwenye andazi."

"Sasa nifanye nini?"

"Kula. Kamera iache hapa. Na usije ukajitia umeshiba, utanitia aibu wilaya nzima."

Alikwenda. Akala mpaka macho yakamtoka. Alirudi jioni amejishika tumbo, akajilaza kwenye benchi la ukumbini huku wenzake wakimcheka, lakini alikuwa na jambo la kusimulia: Kathrine alimwonyesha kila kondoo kwa jina, na alimwambia jinsi Andreas alivyokuwa akifunga geti la zizi kwa goti kwa sababu mikono siku zote ilikuwa imejaa. Akaenda tena kesho yake, na keshokutwa. Siku moja Kathrine mwenyewe akauliza, "Na hiyo mashine yako umeitupa?" Hapo ndipo Bodil alipompa kamera.

Filamu ikaiva. Bodil alipoitazama, kwenye kipande kimoja alisahau kupumua. Lori limeondoka. Kathrine anaingia zizini, tupu, majani yametapakaa. Anashika geti, halifungi. Basi, kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili, anaita: "Andreas! Njoo unisaidie hapa." Halafu anasimama tu.

Bodil amehariri maisha yake yote. Alijua kwamba kipande kile peke yake kingemwingiza Asger chuoni.

Wakaipeleka Højer. Kathrine aliitazama mikono mapajani, akacheka penye kondoo mkaidi, akasahihisha jina la mmoja. Kilipofika kile cha zizini, hakucheka. Filamu ikaisha.

"Nzuri," alisema. "Ila pale nilipomwita Andreas, patoe. Pale ni pangu na yeye."

Sharti ni la Bodil, alilitunga mwenyewe, na siku ile alilichukia, nasema kweli. Mdomo ulimwasha kusema, "Kathrine, hebu fikiria kwanza." Akajiuma. Hakuthubutu hata kumtazama kijana.

Asger alivuta kompyuta yake, akakitafuta kipande kile, akakikata pale pale mbele ya Kathrine. Akamgeuzia aone kwamba hakipo. "Na ile rekodi ya asili nayo naifuta?" aliuliza. Kathrine akatikisa kichwa kukubali. Akaifuta.

Watu wa chuo cha filamu walikuja mwisho wa muhula, wakakaa mstari wa mbele ukumbini. Filamu ilipokwisha, mama mmoja kati yao, mkali wa macho, alisema, "Nimeipenda. Lakini katikati kuna pengo. Lori linaondoka, anaingia zizini, mara yuko jikoni. Hukupiga mle ndani?"

"Nilipiga."

"Kipande hicho kiko wapi?"

"Ni chake," Asger alisema. "Chake na mumewe. Aliniomba, nikamrudishia."

"Ungekuwa na filamu kubwa zaidi."

"Najua." Na hakuongeza neno, yeye na ulimi wake ule.

Chuo kilimchukua, nisikuache roho juu. Lakini hilo lilijulikana majuma baadaye, na Bodil hakulingoja. Alitoka nyuma ya ukumbi, akapita katikati ya viti, machozi yanamtiririka bila haya, akamshika Asger mkono kwa mikono yake miwili mbele ya watu wote.

"Asante," alisema.

"Ya nini, Bodil? Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nilikufundisha, ndiyo. Wewe pokea tu."