Noti Zangu za Kuangalia

Miye niko mwalimu hapa Butembo, mu mutaa wa Kimemi, na niko na ugonjwa moja: nachunga noti mpya za franga za Congo. Hapana za kutumia. Za kuangalia tu. Noti yenye haiyapita mu mukono ya mutu, haiyakunjwa, haiyanuka samaki. Nazichunga mu plastike, ndani ya kitabu kikubwa ya jeografia. Bibi yangu wa ndoa anasema siku nyumba itawaka moto, nitaokoa kwanza ile kitabu, kisha batoto. Anasema bongo, uongo mutupu. Nitabeba byote pamoja.

Kwetu kuko mambo ya kushangaza. Dola inapashwa kuwa safi sawa nguo ya komunyo ya kwanza. Ikiwa na katundu kadogo, banakurudishia. Lakini franga za Congo, siye tumezizoea zikiwa malegevu, nyeusi, zimeshikwa na skoch, ile plastike ya kunata. Ukileta yenye iko mpya kabisa, mama wa soko anaiinua ku jua, anakuangalia weye, anaangalia tena noti. "Papa, hii uliichapa mu mashine ya kwenu?" Na batu bote banageuka.

Donc, kule Beni kuko muzee moja, zamani alikuwa anatumika ku posta, naye iko na ugonjwa sawa wangu. Alikuwa na noti ya santimu kumi, haifiki hata franga moja, lakini mpya ile mpya, yenye nilikuwa nimetafuta miaka ine. Akakubali tubadilishane: noti zangu kumi na mbili kwa ile yake moja. "Mais bila hata mukunjo moja," akanionya ku telefone. Mama yangu anaishi Beni vilevile. Nikamwambia nakuja kumusalimia. Alifurahi sana, akatandika shuka mpya.

Nilifika jioni na kitabu yangu, zile noti kumi na mbili ndani, tukakula, tukalala. Asubui nikaenda kuoga, na nikakawia, juu mama alikuwa amenichemushia maji mingi. Kurudi, kitabu iko wazi juu ya meza, plastike ziko tupu. Mama ameketi inje ku jua, anafikicha kitu mu mikono sawa mutu mwenye kufua soksi.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakusaidia, papa." Ndivyo ananiita tangu utoto. Akashusha sauti, jirani asisikie. "Nimeelewa yote. Bamama ba soko ya Butembo bamekukatalia franga zako juu ni mpya, ukasikia haya, ukazificha mu kitabu. Kwa nini hukuniambia? Dawa yake iko. Unakunja, unafikicha, unapakaa mawese kidogo, kisha unazikalia. Ona! Sasa hakuna mutu atakataa."

Alikuwa anazikalia kweli. Kumi, na ya kumi na moja mu mikono yake. Eh Yesu wangu! Nilishika kichwa. Nilitaka kulia, nilitaka kupiga kelele, lakini utapigia mama yako kelele namna gani, mutu mwenye kuhangaika juu yako tangu jua kutoka?

"Na ya kumi na mbili?" nikauliza.

"Ile nilijaribu nayo ku soko asubui sana, weye ungali unalala. Bameipokea, hata hawakuiangalia mara mbili!" Akanionyesha sahani: samaki ya kukalanga, bugali pembeni, moshi ingali inatoka.

Nikakaa chini. Nikamwambia kweli: hakuna mutu alizikataa, zilikuwa za kuangalia, na kuko muzee alikuwa ananingojea nazo leo asubui.

Akaacha kufikicha. "Za kuangalia?"

"Ndiyo, mama."

"Na weye uliniambia unakuja kuangalia miye."

Mwaka na nusu nilikuwa sijafika kwake. Kila mara barabara ilikuwa mubaya, mvua ilikuwa mingi, banafunzi balikuwa na mitihani. Juu ya santimu kumi ya muzee wa posta, barabara ilipona kwa siku moja. Nilisikia haya mpaka mu masikio.

"Unisamehe, mama. Nilikuja juu ya noti."

Nilifikiri atakasirika. Alicheka mpaka mabega ikatikisika, akapanguza macho na kitenge, na kama ilikuwa kicheko tu, ama na kitu ingine, sikupenda kuuliza. Akasukuma sahani karibu yangu.

"Basi kula ile noti yako, papa, kabla haiyapoa," akasema. "Na vile unakula, niangalie."